Kabla Hujakisema Kisa cha Kura Yangu

Thuraya mwanangu,

Baba yako ni mtu wa bahati. Liandike hilo, lipigie mstari, ulitie fremu. Wako watu hapa Ibra wana mitende isiyohesabika na mfereji wa falaji unapita mlangoni kwao, na bahati yao yote ukiikusanya haijazi kikombe cha kahawa mbele ya yangu. Gari langu limechukuliwa na mafuriko ya wadi, hilo bonde letu kavu, mara mbili, na mara zote mbili wadi likanirudishia, ya pili likiwa limeoshwa. Nilikwenda Jalan kumposa mama yako na kanzu ya kuazima, babake akanikubali kabla sijamaliza tende ya tatu. Nusu ya wilaya hii imejifunza gari kwangu na bado ni nzima, viungo vyote vimo. Lakini bahati kubwa kuliko zote unaijua, umeisikia tangu unanyonya: kura yangu. Kura moja, ya mtu mmoja, mimi Nassor, katika uchaguzi wa baraza la mji wa Coventry, Uingereza. Ningelala siku ile, shangazi yako Zuwena angeshindwa kwa kura moja mbele ya Waingereza. Kwa kuwa niliamka nikaenda, alifika bega kwa bega na mpinzani wake, sawasawa, hata msimamizi akakuna kichwa. Nani mwingine ana bahati ya namna hiyo?

Haya. Nimeshajisifu, sasa nipumue.

Ni baada ya Laasiri. Wewe na mama yako mko Jalan Bani Bu Ali mnamuaga bibi yako, na begi lako liko wazi hapa sebuleni mbele yangu, limefura kama mbuzi wa Idi. Kesho alfajiri nakupeleka Maskati uwanja wa ndege, uende Coventry kwa shangazi yako, anagombea tena. Nataka barua hii niitie chini ya lile koti zito kabla hamjarudi, maana njiani sitoweza kulisema hili. Mimi nikishika usukani huropoka, na nikiropoka huchekesha, na hili halitaki kuchekwa.

Mambo ya soksi, dawa za kifua na nani umpigie ukifika, mama yako kakuandikia karatasi mbili, mbele na nyuma. Mimi katika soksi sina la kuongeza. Na usiniangalie mwandiko. Unajua skuli niliiacha mapema, tena skuli yenyewe ilishukuru. Kiingereza nimejifunzia jikoni kwenye mkahawa, ndiyo maana mpaka leo najua majina ya masufuria na matusi tu.

Jana ulinijia na simu mkononi, uso umekunjuka.

"Baba, sikiliza. Hii karatasi ya Shangazi, ya uchaguzi. Kisa yako nimeiweka mwanzo kabisa."

Ukanisomea Kiingereza chako kizuri, kisha ukanitafsiria kwa Kiswahili chako ambacho mama yako anakililia kila siku. Baba yangu alikuwa wa kwanza mlangoni. Baba yangu alishika kalamu ya risasi iliyofungwa kamba mezani kama mbuzi. Baba yangu aliweka alama moja, na alama ile moja ikamfikisha shangazi yangu. Basi na wewe, jirani, usiseme kura yako si kitu.

"Shangazi kaipenda, kalia," ukaniambia. "Itachapwa wiki ijayo. Halafu Jumapili nitaisema mwenyewe ukumbini, mbele ya watu wote. Bi Rukia atanichukua kwa gari."

"Rukia yupi?"

"Kwani wako wangapi, Baba? Rafiki yake Shangazi. Mimi na yeye tutagonga milango pamoja mpaka Mei."

Nikasema mashaallah. Nikatoka nje nikaenda kupima upepo wa matairi ya gari ambalo nililipima asubuhi. Ulidhani nimeona haya kwa kusifiwa. Mama yako alinichungulia dirishani, na yule hadanganyiki, lakini hakuniuliza.

Thuraya, Jumapili usisimame na kisa kile. Na ile karatasi isichapwe. Nitakwambia kwa nini, ila nivumilie. Najua njia fupi, lakini leo miguu inanipeleka ya kuzunguka.

Unaijua habari, lakini unaijua kama ninavyoihadithia kwenye harusi. Nikueleze kama ilivyokuwa. Zuwena alitangulia kutoka Unguja kwenda Uingereza, akifanya kazi ya kulea wazee. Mimi nikamfuata baadaye kidogo, kijana, kifua mbele, nadhani Uingereza nzima inanisubiri mimi. Ilinisubiri na ndoo ya vyombo. Pasipoti yangu wakati ule ilikuwa ya Tanzania, na sheria yao pale ni kwamba mtu wa nchi iliyokuwa chini ya Mwingereza, akikaa kwa ruhusa, anajiandikisha na kupiga kura ya mji. Nyinyi mliozaliwa na pasipoti ya Oman hamna haki hiyo. Wewe utagonga milango ya watu mpaka vidole viote sugu na kura hutapiga. Mimi nilikuwa nayo. Likumbuke hilo.

Na baraza la mji si bunge. Hawazungumzi vita wale. Wanazungumza taka zichukuliwe siku gani, maktaba ifungwe au isifungwe, njia gani itiwe taa. Zuwena aliingia kwa ajili ya taa. Ilikuwapo njia ya miguu nyuma ya nyumba zao, giza tupu, ajuza wawili walishaanguka pale, mmoja akavunjika nyonga. Zuwena akaandika barua, akaandika tena, mwisho akasema: basi naingia mwenyewe. Mtoto wa kike wa Malindi ya Unguja, mtandio kichwani, anagonga mlango wa Mzungu kumwomba kura! Mimi nilikuwa nikibeba makaratasi nyuma yake na kujisifu kwa kila mtu kwamba mimi ndiye meneja.

Wakati huohuo, huku Ibra, ami yangu alikuwa mbioni kunitafutia jinsiya, huo uraia wa Oman tunaoula leo. Babu yetu katoka hapa, kwa hiyo barua ya sheikh wa kabila ilishapatikana, majina ya mababu yalishaandikwa, kilichobaki ni kusubiri. Na wewe hujui kusubiri jinsiya ni nini. Umezaliwa nayo kama meno. Sisi tuliisubiri kwa miaka, tunaogopa kukohoa. Mtu haandiki jina lake popote, hatii sahihi popote, asije akaulizwa. Tulikuwa tukificha pasipoti moja ndani ya foronya na kuiota nyingine.

Mama yako kapiga simu sasa hivi. Mmeshatoka, mmepita Al Kamil. Anauliza kama nimefunga begi. Nimesema nafunga.

Nikupe kitu kingine kwanza. Unakumbuka mtihani wako wa mapipa, ule wa leseni ya gari?

Mimi nimewapitisha watu baina ya yale mapipa kwa miaka na miaka, wanarudi nyuma na gari, shingo zimepinda kama mabata. Nikakufundisha wewe kuliko nilivyomfundisha mtu yeyote, kwa sababu binti wa mudarribu, mwalimu wa gari, akianguka mtihani, babake ataficha wapi uso? Siku ile nilikuwa nimesimama nje ya uzio, jua linanichoma utosi. Ukarudi nyuma vizuri, mwanangu, vizuri khasa, na mwisho kabisa pipa la kushoto likatikisika. Kidogo tu. Afisa alikuwa kainama anaandika, hakuliona. Ukashusha kioo ukamwambia, "Nimeligusa." Akakutazama. Akakufelisha.

Njiani nikakupigia kelele mpaka Nizwa Road ikasikia. "Mjinga we! Mtu hakuona! Nani kakuuliza?" Na wewe ukanijibu taratibu, macho mbele, "Si nimeligusa, Baba?"

Sikulala vizuri siku ile, na si kwa hasira. Nilikuwa nikijiuliza, huyu mtoto kayatoa wapi haya, maana kwangu hakuyapata. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu na pipa langu lilishalala chini miaka mingi, na hakuna siku niliyoshusha kioo.

Haya. Coventry.

Jumapili moja kabla ya uchaguzi tulikuwa tumekaa nyumbani kwa jamaa mmoja, wanaume peke yetu, chai ya maziwa na mkate wa ufuta. Mimi natamba: Alhamisi nakwenda kupiga kura, dadangu anakuwa mheshimiwa. Alikuwapo bwana mmoja mwenye miwani ambaye sote tulimwona mjuzi, na ukiniuliza alikuwa mjuzi wa nini, jibu ni miwani. Akaweka kikombe chini.

"Nassor, wewe karatasi zako za Oman zimefika wapi?"

"Ziko kwa wakubwa, yakhe. Karibu."

"Na Alhamisi unakwenda kupiga kura kama nani?"

"Kama mimi!"

"Kama Mtanzania," akasema. "Jina lako litaandikwa. Umepiga kura katika nchi ya Malkia, kwa haki ya pasipoti ya Tanzania. Kesho afisa wa Maskati akitaka kujua wewe ni mtu wa wapi, atasoma nini? Kura ni kiapo, bwana. Utaisikia jinsiya kwa jirani."

Wenzangu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wao wote, nikamwambia miwani yako imeingia mvuke. Lakini maneno yake nilikwenda nayo nyumbani, nikalala nayo mpaka Alhamisi.

Ningeweza kumuuliza Zuwena. Angenicheka, angenieleza kwa maneno mawili, yakaisha. Sikumuuliza. Mtu anayejisifu kuwa anajua kila kitu, mwanangu, hana wa kumuuliza. Huo ndio ugonjwa wenyewe, na wewe unao kidogo, usibishe. Nimekuona ukiitikia "najua" kabla mtu hajamaliza kusema. Ukifika kule, usichokijua kiulize siku ileile. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Yangu mimi ina umri kuliko wewe.

Alhamisi ikaja. Zuwena akapita asubuhi mbiombio, ua limebanwa kifuani, akanipigia kelele kutoka njiani, "Nassor, umeshakwenda?" Nikamwambia nimeshatoka huko, dada, wa kwanza mlangoni. Akanipigia busu la mkono akaenda zake. Ulimi wangu ulisema kabla mimi sijaamua. Nilikusudia kwenda baadaye, nikitoka kazini. Wallahi nilikusudia.

Sasa Rukia. Wewe utamwona mama wa makamo mwenye gari dogo na peremende mkobani. Wakati ule alikuwa msichana, mpole, wa Pemba, hasemi mpaka asemeshwe. Kazi yake siku ile ilikuwa kukaa kwenye kiti nje ya skuli iliyofanywa kituo cha kura, na orodha ya waliosema watampigia Zuwena. Kila anayepita anamwomba nambari ya kadi yake ya kura, anaikata kwenye orodha. Kura yenyewe ni siri, hajui mtu kaweka alama wapi. Anachojua ni nani kafika na nani bado, ili jioni wale waliobaki waende kugongewa milango. Alikaa pale tangu vituo havijafunguliwa. Kabla ya kila mtu. Kabla ya wa kwanza mlangoni, unanielewa?

Jioni nikatoka kazini. Skuli iko njiani kwangu. Nikafika mpaka kwenye kona, nikauona mlango, watu wanaingia na kutoka, mzee mmoja na mbwa wake. Hatua arubaini. Kadi iko mfukoni. Nikasimama, nikazungumza na ile kadi kama mwendawazimu, kisha nikageuka nikaenda nyumbani kwa njia nyingine.

Mama yako tena. Mko Bidiya, mmesimama kutia petroli, na wewe unataka aiskrimu. Mtu anakwenda kwenye barafu anataka aiskrimu. Nimemwambia msiharakishe, barabara ina ngamia.

Saa mbili usiku, na Mei kule saa mbili bado mwanga mtupu, mlango wangu ukagongwa. Vituo vinafungwa saa nne. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, mbele ya mlango, ndara miguuni, sijui kwa nini pale. Sikuinuka.

"Kaka Nassor! Kaka Nassor, hodi!"

Sauti ya Rukia. Anahema, kaja anakimbia.

"Kaka, jina lako bado halijakatwa. Labda nimekosea mimi. Lakini kama hujaenda, zimebaki saa mbili tu, na mambo yako karibu sana. Kaka?"

Milango ya kule ina tundu la kupitishia barua, na kifuniko cha chuma. Nikakiona kifuniko kinanyanyuka. Vidole vyake, kisha macho. Kutoka pale hakuona uso wangu. Aliona miguu. Miguu yangu, ndara zangu za buluu ambazo Coventry nzima hapakuwa na mwingine anayezivaa. Nikaivuta miguu nyuma, nimechelewa.

Kisha akasema, polepole, kama anayezungumza na mgonjwa, "Basi, kaka." Kifuniko kikashuka.

Asubuhi ya Ijumaa wakahesabu, kwenye ukumbi wa michezo. Meza ndefu, vidole vinakwenda kama wanawake wanaochagua mchele. Wakahesabu, wakanong'onezana. Wakahesabu tena. Mara ya tatu msimamizi, bwana mrefu mwenye sauti ya daktari wa meno, akawaita Zuwena na mpinzani wake. Sawasawa. Hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa karatasi moja. Na sheria yao, kura zikiwa sawa, inapigwa bahati nasibu. Si mchezo, sheria. Majina mawili kwenye vikaratasi viwili, vinakunjwa, vinatiwa sandukuni.

Zuwena alikuwa kaushika mkono wangu anauponda. Akanigeukia, macho yamejaa.

"Lau si wewe jana asubuhi, saa hizi nishashindwa. Wewe ndiye uliyenifikisha, ndugu yangu."

Pale, Thuraya. Pale ndipo kioo kilipotakiwa kushushwa. Nilifungua kinywa, nakuapia, na kilichotoka ni, "Nilikuwa wa kwanza mlangoni, dada. Kalamu yenyewe wameifunga kamba kama mbuzi." Na kalamu nilihadithiwa na mpishi wa mkahawani.

Msimamizi akatia mkono sandukuni akatoa jina. La yule bwana.

Zuwena akampa mkono, akacheka kwa meno yote. Nyumbani palikuwa pamepikwa pilau ya ushindi, ikaliwa hivyohivyo. Na katikati ya kula, Zuwena akageuka, na hasira ambayo hakuweza kumpa Mzungu akampa Rukia.

"Mtu mmoja! Orodha ilikuwa mkononi mwako siku nzima. Mtu mmoja tu ungemtoa nyumbani kwake, Rukia!"

"Niligonga, dada. Kuna mlango haukufunguliwa."

"Mlango wa nani?"

Nilikuwa na nyama kinywani. Sikuitafuna wala sikuimeza. Rukia hakunitazama, na hilo ndilo linaloniuma kuliko angenitazama. Akazungusha wali kwenye sahani yake.

"Milango mingi," akasema. "Sikumbuki."

Walikaa miaka wale hawaingii nyumba moja. Wakaja kupatana msibani, kama watu wanavyopatana, na leo ni kama pete na kidole. Lakini mpaka leo Zuwena akitaka kumchokoza humwita Bi Orodha, watu wanacheka, na Rukia anacheka nao. Mwanamke yule kabeba pipa langu mgongoni umri wote huu, na kila Idi ananitumia salamu. "Mwamkieni kaka Nassor." Kaka!

Na jinsiya? Ilikuja baada ya miaka miwili. Nilikaa mbele ya afisa, jasho linanitoka, nimejitayarishia majibu thelathini ya Coventry. Akaniuliza jina la babu, jina la baba wa babu, na falaji yao ilikuwa ikiitwaje. Nikalisahau jina la falaji, ami yangu akanikanyaga mguu. Basi. Hakuna aliyeuliza habari za Uingereza. Hakuna aliyejali. Nilikuwa nimemjificha mtu asiyenitafuta.

Mara ya kwanza nilipopiga kura hapa Ibra, mama yako alidhani naumwa. Nilifika alfajiri, wa kwanza mlangoni kweli, nikauliza mara tatu kama jina langu limekatwa, hata kijana wa pale akaniita mjomba: "Khalu, nikuletee maji?" Na siku hizi kura zikipigwa kwa simu, wewe hunicheka kwa kuvaa kanzu mpya na kilemba kukaa na simu sebuleni. Sasa unajua navalia nini.

Kilikuwa kisa kidogo, mwanzo. Nilikisema mara moja kumtuliza dada. Kisha harusini, kisha barazani, kila mwaka kikiota nywele. Nikakusimulia wewe ukiwa mtoto ili ulale, na ukalala nacho, na umeamka nacho, na sasa unataka kukipeleka kule kilikotoka, usimame nacho mbele ya mtu aliyeniona miguu. Rukia atakaa kiti cha mbele na peremende zake. Atakusikiliza mpaka mwisho na atakupigia makofi. Hilo ndilo siliwezi, Thuraya. Kuumbuliwa naweza, uso wangu mgumu. Lakini yule kukupigia makofi wewe, hapana.

Kumwambia Zuwena si kazi yako, hiyo ni yangu. Nimempigia kabla sijaanza kuandika, hakupokea, yuko milangoni kwa watu. Nitampigia tena leo baada ya Isha, na baada yake Rukia, na sitochekesha. Labda Zuwena atakata simu. Labda atakupokea uwanjani kesho na uso umevimba. Usinitetee. Kama kisa unakihitaji ukumbini, kipo, kisemeni mkipenda, lakini kisemeni chenye miguu na ndara. Nadhani kinafaa zaidi kwa kazi yenu, ingawa mimi sijui siasa, najua mapipa.

Na ukipanda gari la Bi Rukia, mpe shikamoo, umbusu mkono, na usiseme "Baba kaniambia." Mwache aseme yeye akitaka. Ukichoka kugonga, na mlango haufunguliwi, usiondoke na hasira. Nyuma ya mlango yumkini kakaa mtu kwenye ngazi, anaogopa kitu ambacho hakipo. Mwambie kwa upole muda uliobaki. Pengine atainuka.

Mmepita Qabil, kasema mama yako. Dakika chache. Koti nimeshalinyanyua.

Nasikia gari. Hiyo breki ni yako, unaikanyaga mno, nimekwambia mara ngapi.

Ile bahati niliyoianzia huko juu haikuwapo. Zuwena alipungukiwa na kura moja, na hiyo moja ilikuwa mfukoni mwangu. Mimi sikupiga kura.

Babako,
Nassor